Ukimya Nilioudhani Ruhusa

Karatasi ya jaribio langu la kwanza la kalkulasi ilirudishwa katika wiki ya saba ya muhula ikiwa imekunjwa katikati ili jirani asione alama, na nilipoikunjua nilikuta 17 kati ya 50. Niliikunja tena kama ilivyokuwa. Tangu nianze shule sikuwa nimewahi kupata chini ya nusu katika hisabati. Sekondari nilikuwa yule mwanafunzi ambaye wenzake humzunguka dakika chache kabla ya madaftari kukusanywa. Kwa hiyo wazo lililonijia kwanza ni kwamba msahihishaji alikuwa na haraka. Usiku ule nilizipitia hatua zangu moja baada ya nyingine nikitafuta alama aliyoninyima, na sikuipata hata moja.

Nayaandika haya kwa ajili ya wale walio katika mwaka wa mwisho wa sekondari, na wale waliokwisha maliza mitihani na sasa wanahesabu siku za kuripoti chuoni. Ushauri mwingi nilioupata mimi katika kipindi hicho ulihusu kozi ya kuchagua na vitu vya kufungasha. Hakuna aliyenieleza kitu kama kile kilichotokea katika wiki sita zilizoitangulia karatasi ile, labda kwa sababu kwa nje hakikuonekana kama tukio.

Shule ya sekondari ina kelele zake, nasi tunazilalamikia kutwa bila kujua kwamba ndizo zinazotubeba. Kengele inalia, mwalimu wa zamu anapita, daftari linakusanywa Ijumaa na kurudishwa Jumatatu likiwa na wino mwekundu, na mwanafunzi akikosa siku mbili mfululizo kuna mtu mzima atakayeuliza yuko wapi. Chuoni kelele hizo zilikatika siku moja. Katika wiki ya pili sikwenda kwenye mhadhara wa asubuhi kwa sababu nilichelewa kulala, nikashinda siku nzima nikisubiri kuulizwa. Hakuna aliyeuliza. Wiki ya tatu sikwenda mara mbili, na mhadhiri alipokutana nami kwenye ngazi alinisalimu vizuri kabisa, kama mtu asiye na deni naye. Niliupokea ukimya ule kuwa ruhusa. Niliamini kwamba kama ningekuwa ninaharibikiwa, mtu fulani mahali fulani angekwisha kuniambia.

Ratiba nayo ilinidanganya. Nilikuwa na saa 15 za mihadhara kwa wiki, na kwa macho ya mtu aliyezoea kukaa darasani asubuhi hadi jioni, ratiba ile ilikuwa na mapengo makubwa yaliyofanana na likizo. Vyuo vingi hupima masomo kwa krediti, na kanuni iliyozoeleka ni kwamba kila saa moja ya mhadhara inadai saa mbili nyingine za kujisomea. Ukiipiga hesabu hiyo, saa 15 zinazaa 30, na jumla yake ni 45, ambayo ni kazi ya kutwa ya mtu mzima. Yale mapengo hayakuwa likizo hata kidogo. Yalikuwa theluthi mbili ya kazi yenyewe, ila hayakuandikwa jina.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba muda wenyewe upo. Wiki ina saa 168. Toa hizo 45, toa 56 za kulala saa nane kila usiku, na bado zinabaki 67 za kula, kufua, kucheza mpira, kwenda ibadani na kukaa na marafiki. Nilipozijumlisha kwa mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Kila aliyenizunguka alikuwa akilia kwamba muda hautoshi, nami nililia pamoja nao, ilhali simu yangu ilikuwa ikila saa tatu au nne kwa siku kwa vipande vidogo vidogo ambavyo sikuvihesabu.

Kanuni hiyo ya saa mbili kwa moja ilikuwa imeandikwa. Ilikuwa katika ukurasa wa pili wa mpango wa kozi, ile hati ya kurasa nne au tano ambayo mhadhiri huigawa siku ya kwanza na ambayo wengi wetu huitia ndani ya daftari na kuisahau humo. Mimi niliifungua baada ya karatasi ya jaribio kurudishwa, na kuisoma kwake kuliniuma kuliko alama zenyewe. Mtihani wa mwisho ulikuwa na alama 60, jaribio la katikati ya muhula 20, na mazoezi ya kila wiki 20: mazoezi kumi, kila moja alama 2. Kati ya mazoezi sita yaliyokwisha pita nilikuwa nimekusanya mawili tu, kwa hoja kwamba alama 2 ni kitu gani. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Kwa mazoezi manne nilikuwa nimepoteza 8, na 17 kati ya 50 ikigeuzwa kuwa sehemu ya 20 ni 6.8, kwa hiyo hapo nilikuwa nimepoteza 13.2 nyingine. Alama 21 na ushei zilikuwa zimekwenda kabla sijaingia chumba cha mtihani, na kila moja ya alama hizo ilitangazwa tangu siku ya kwanza kwa maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe. Ukipewa hati hiyo, isome yote siku hiyohiyo, tarehe zake zote uzihamishie mahali pamoja, na uangalie hasa alama zimegawanywaje, kwa maana hapo ndipo mhadhiri anapokueleza, bila kupaza sauti, ni kitu gani anakitaka.

Lakini ningelikuwa mwongo nikisema kwamba sikusoma kabisa. Siku nne kabla ya jaribio nilisoma sana. Niliyapitia maelezo yangu mara tatu nzima, nikayapaka rangi ya njano, kisha ya kijani mahali ambapo njano ilikuwa imekwisha tumika, na kila nilipopita mara nyingine yalizidi kuonekana mepesi. Huo wepesi ndio mtego. Macho huizoea sura ya ukurasa, na mazoea hayo hujifanya kuwa maarifa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Wengine wakavirudia kuvisoma, wengine wakaviweka kando na kujaribu kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojipima wenyewe ndio waliokumbuka zaidi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya zile dakika tano.

Kabla yao, mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikuwa ameonyesha, kwa kukariri silabi zisizo na maana na kujipima yeye mwenyewe kwa uvumilivu wa ajabu, kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni kisha hupunguza mwendo. Maana yake kwa mwanafunzi ni ya kawaida kabisa: dakika 20 za kuurudia mhadhara jioni ya siku ileile zina faida kuliko saa tatu za wiki ya sita. Tangu muhula ule nimekuwa nikifanya hivi. Jioni nafunga daftari, nachukua karatasi tupu, na kuandika kila ninachokumbuka kuhusu mhadhara wa asubuhi bila kuchungulia, hata kama ni mistari minne ya aibu. Kisha nafungua daftari na kujaza mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Siku za mwanzo karatasi zangu zilikuwa za rangi ile nyingine karibu zote. Si zoezi la kupendeza, kwa sababu linakuonyesha kila siku usichokijua, na nadhani hiyo ndiyo sababu watu wengi huiacha na kurudi kwenye kalamu ya njano.

Namna ya kuandika maelezo yenyewe nitaigusa kidogo tu. Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell alibuni, katika miaka ya 1950, mtindo wa kuugawa ukurasa: safu nyembamba kushoto kwa ajili ya maswali na maneno ya msingi, safu pana kulia kwa maelezo, na nafasi chini kwa muhtasari. Mimi natumia nusu yake. Muhtasari sijawahi kuudumisha zaidi ya wiki mbili, ila ile safu ya kushoto imeniokoa mara nyingi, kwa sababu ukiifunika ya kulia kwa kiganja unabaki na maswali matupu, na hapo hapo unajua kama unajua.

Sasa nirudi kwenye 17. Mhadhiri wetu alikuwa ametenga saa mbili kila Jumatano za kuonana na wanafunzi ofisini, na hilo pia lilikuwa katika ule mpango wa kozi. Wengi wetu tulidhani saa hizo ni za wanafunzi wenye kesi, au wa miaka ya juu wanaoandika tasnifu. Nilikwenda hadi mlangoni mara mbili na kurudi. Mara ya kwanza nilijiambia kwamba kuna mtu ndani. Mara ya pili hapakuwa na mtu, nikajiambia kwamba bila shaka amechoka. Mara ya tatu mlango ulikuwa wazi na yeye akaniona kabla sijapata kisingizio.

“Karibu, uketi,” alisema. “Nikusaidie nini?”

“Mwalimu, mimi sielewi kitu.”

“Kitu gani?”

“Kalkulasi yote.”

Hakucheka. Aliniomba nimwonyeshe swali nililolianza mwenyewe nikakwama, nami sikuwa nalo, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda mikono mitupu nikitarajia kwamba yeye ndiye angeniambia tatizo langu. Akaniambia nirudi kesho yake mchana na swali moja, moja tu, likiwa na kila mstari niliouandika, hata ile niliyoifuta. Niliondoka nimekasirika. Nilimwona kama mtu aliyemfukuza mgonjwa akachukue vipimo mwenyewe.

Kesho yake nilirudi na karatasi yenye mistari mitano. Aliitazama kwa muda usiozidi dakika moja, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa pili, mahali ambapo sikuwa hata na wasiwasi napo. Hapo nilikuwa na kipeuo cha pili cha a mraba jumlisha b mraba, na katika mstari uliofuata nilikuwa nimekifungua na kuandika a jumlisha b. Hakunieleza neno. Aliandika pembeni 9 + 16, akaifunika kwa alama ya kipeuo, akanisogezea. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Kwa njia yangu mimi, 3 na 4 zingetoa 7. Nilikaa nikiitazama ile 7.

Kalkulasi yenyewe haikuwa na hatia. Kosa lile ni la miaka ya mwanzo ya sekondari. Nilikuwa nimelibeba miaka yote hiyo bila kukamatwa, kwa sababu shuleni maswali yalifanana na mifano ya ubaoni na mimi nilikuwa hodari wa kufananisha. Tulipoirudia karatasi ya jaribio pamoja, tuliona kwamba zaidi ya nusu ya alama nilizopoteza zilitokana na mambo ya namna hiyo: vipeuo, sehemu, kuhamisha alama ya kutoa kutoka nje ya mabano. Kama kuna ushauri mmoja ambao ningetaka umfikie aliye nyumbani sasa akisubiri chuo kufunguliwa, ni huu. Usijisumbue kuyasoma masomo ya mwaka wa kwanza kabla ya wakati wake, utafundishwa. Chukua mitihani yako ya zamani ya sekondari, ile uliyofaulu, uitafute humo ile miwili au mitatu ya misingi ambayo uliipita kwa kukariri, na uifanye upya taratibu huku hakuna anayekufukuza. Wa sayansi watapata aljebra. Wa sanaa huenda wakakuta kwamba hawajawahi kuandika kurasa tatu zinazotetea hoja moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Hilo la kuandika nalo lilinipata. Kazi yangu ya kwanza ya insha chuoni niliiandika kama nilivyozoea shuleni, kwa kukusanya maneno mazuri ya vitabu vitatu na kuyaunganisha kwa “vilevile” na “hata hivyo”. Sikuwa na nia ya kuiba. Shuleni kurudisha maneno ya mwalimu kama yalivyo ndiko kulikoitwa kusoma, na kulipewa alama. Insha ilirudi ikiwa na swali moja pembeni ya aya ya pili, kwa penseli: “Ni nani anayesema hapa?” Mhadhiri wa somo lile alikuwa mpole, akaniacha niiandike upya. Wengine hawako hivyo, na adhabu ya kutumia maandishi ya mtu bila kumtaja inaweza kufika hadi kufukuzwa chuo. Jifunze mapema kuandika jina la mwenye maneno na ukurasa wake pale pale unaponakili, kwenye daftari, kabla ya kujua kama utayatumia. Nimetumia usiku mzima kutafuta ukurasa ambao ungenigharimu sekunde kumi kuuandika.

Barua pepe pia huwashinda wengi, nami nilikuwa miongoni mwao. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 akipokea ujumbe unaosema “naomba kujua alama zangu” hana njia ya kukusaidia hata akitaka. Andika somo, kundi lako, namba ya usajili, jambo unaloliomba kwa sentensi mbili, na jina lako kamili. Nilipoanza kufanya hivyo nilishangaa jinsi watu niliowadhani wakali walivyojibu siku ileile.

Fedha nitazisemea kwa ufupi. Ukipewa kwa mkupuo mwanzoni mwa muhula, zigawe siku hiyohiyo kwa idadi ya wiki zilizopo na uishi na jibu. Mimi sikuzigawa, na wiki tatu za mwisho niliishi kwa wema wa mwenzangu wa chumba, ambaye hakuwahi kunikumbusha lakini nami sijasahau.

Usingizi sikuuthamini hadi nilipoona nini kinaupata mkono wangu baada ya kukesha hadi saa kumi za usiku. Katika karatasi ya 17 kuna mahali nimeandika 6 mara 7 ni 48. Sikukesha ili nijue zaidi. Nilikesha ili nijisikie nimefanya kitu.

Upweke ni mzito zaidi ya hayo yote, na watu huona haya kuutaja. Mwezi wa kwanza nilikuwa katikati ya umati usiku na mchana na bado sikuwa na mtu ambaye ningemwambia kwamba nimepata 17. Nyumbani nilipopigiwa simu nilisema masomo yanaendelea vizuri, na kila nilipolisema nilizidi kuwa mbali na yeyote ambaye angeweza kunisaidia. Aliyelivunja hilo ni dada yangu mkubwa, aliyekuwa amemaliza chuo miaka kadhaa kabla yangu. Aliacha kuniuliza kama masomo yanaendelea vizuri, akaniuliza, “Ni somo gani linakutesa?” Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa “salama”. Nilimweleza, akanyamaza kidogo, akasema yeye mwaka wa kwanza alirudia mtihani wa masomo mawili. Miaka yote ile sikuwa nalijua hilo.

Baada ya hapo tulianza kusoma watu wanne, Jumanne na Alhamisi jioni. Vikundi vingi ninavyovijua hufa kwa kugeuka vijiwe, na chetu nusura kife hivyo katika wiki ya pili. Kilichokiokoa ni sharti dogo: hakuna anayekuja bila kuwa amejaribu maswali peke yake, na atakayeeleza swali ubaoni ni yule aliyelikosa, si yule aliyelipata. Aliyelikosa akieleza, mahali alipopotea panaonekana na wote. Mimi nilisimama pale mara nyingi kuliko wenzangu watatu.

Mazoezi manne yaliyobaki niliyakusanya yote. Somo lile nililimaliza kwa alama 58, ambazo si za kujivunia na sikuziomboleza, maana nilikuwa nazijua moja moja zilikotoka.

Mwezi ujao mdogo wangu anakwenda chuo. Amefaulu hisabati vizuri sana, ana begi jipya, na ameniomba ushauri kwa namna ambayo watu huomba wakitumaini kwamba hautakuwa mrefu. Juzi jioni nilichukua karatasi, nikaandika kipeuo cha pili cha a mraba jumlisha b mraba, nikamwambia akirahisishe kama inawezekana. Aliandika a jumlisha b bila kusita, akanirudishia huku macho yake yakiwa tayari kwenye simu. Niliandika chini yake 9 + 16, nikaifunika kwa alama ya kipeuo, nikamsogezea tena.